Herufi za Margaret Calvert, Kutoka Newcastle Hadi Barking

Nje ya stesheni za Metro za Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, husimama nguzo yenye mchemraba wa njano, na mchemraba huo umebeba herufi moja nyeusi: M. Haina pambo lolote. Ncha za miguu yake zimekatwa kwa vipande vinene vya mlalo, pembe zake zimenyooka, na weusi wake juu ya ile njano unaonekana hata siku ambayo mvua ya Bahari ya Kaskazini inapiga kwa mshazari. Mgeni asiyejua hata mtaa mmoja wa mji ule huiona kutoka ng'ambo ya barabara, akajua papo hapo kwamba treni inapita hapa.

Wengi hufunga safari ya Newcastle kwa ajili ya mpira katika uwanja wa St James' Park, au kwa ajili ya madaraja ya Mto Tyne. Mimi nilifuata herufi hiyo. Aliyeichora ni Margaret Calvert, mbunifu wa michoro ambaye kazi yake inasomwa Uingereza nzima kuanzia alfajiri hadi usiku wa manane, na wanaoisoma, kwa sehemu kubwa, hawajawahi kulisikia jina lake. Dereva anaisoma, abiria wa treni anaisoma, mtu anayelipia kodi ya gari kwenye simu anaisoma. Nilitaka kuiona mahali inapofanyia kazi, mikononi mwa watu wenye haraka zao.

Metro ya Tyne and Wear ilianza kubeba abiria mwaka 1980, na tangu siku hizo rangi zake ni njano, nyeusi na nyeupe. Kuta za stesheni za chini ya ardhi zilivikwa mabati yaliyopakwa enameli na kuchomwa tanuruni, ili yadumu na yafutike kwa urahisi, na majina ya stesheni yakaandikwa kwa ukubwa usio wa kawaida. Katika stesheni ya Monument, iliyo chini ya mnara wa Earl Grey katikati ya mji, nilikaa kwenye benchi nikitazama treni zinavyoingia na kutoka. Abiria aliyesimama ndani ya behewa, amebanwa na mabega ya wenzake, bado analiona jina la stesheni kupitia upenyo wowote wa dirisha. Hahitaji kuinama wala kumsumbua jirani.

Herufi hizo zina historia ya kukataliwa. Calvert alizichora kwanza kwa ajili ya Saint-Quentin-en-Yvelines, mji mpya uliokuwa ukijengwa karibu na Paris. Wafaransa wakaziona za Kiingereza mno, wakazirudisha. Ilipokuja kazi ya Metro akazitoa tena, na kampuni ya Monotype ikazitoa kwa wapiga chapa wote kwa jina la Calvert. Kwa maoni yangu Wafaransa waliufanyia mji wa Newcastle hisani kubwa. Huu ni mji wa makaa ya mawe, wa meli, wa madaraja ya chuma. Herufi nyembamba za kifahari zingepotea hapa. Za Calvert zinasimama kwa miguu yote miwili kama kuli aliyekwisha kujitwika gunia.

Calvert alizaliwa Durban, Afrika Kusini, mwaka 1936, akahamia Uingereza mwaka 1950. Alipokuwa akisomea sanaa Chelsea, London, mmoja wa walimu wake alikuwa Jock Kinneir, ambaye alikuwa amepewa kazi ya kuchora vibao vya uwanja mpya wa ndege wa Gatwick, uliofunguliwa mwaka 1958. Kinneir alihitaji msaidizi, akamchukua mwanafunzi wake. Kazi nyingine waliyoifanya ilikuwa ya lebo za mizigo ya abiria wa meli za P&O: namna ya kumwezesha mpagazi bandarini kujua kwa kutupa jicho mara moja sanduku lipi linakwenda wapi. Colin Anderson, mmoja wa wakubwa wa kampuni hiyo ya meli, ndiye aliyeteuliwa na serikali mwaka 1957 kuongoza kamati ya alama za barabara mpya za kasi. Akawakumbuka wale wa lebo. Hivyo ndivyo vibandiko vya masanduku vilivyofungua mlango wa barabara za nchi nzima.

Kurudi London nilipanda basi la usiku, kwa makusudi. Alama za Kinneir na Calvert zilichorwa kwa ajili ya mtu aliye mwendoni, na ukizitazama ukiwa umesimama kando ya barabara unakuwa umeona nusu tu ya kazi. Nilibahatika kupata kiti cha mbele, nyuma ya dereva.

Ukitoka Newcastle, barabara ya A1 ina vibao vya kijani: majina ya miji kwa nyeupe, namba za barabara kwa njano. Pale inapogeuka kuwa barabara ya kasi, vibao vinakuwa vya buluu. Barabara ndogo zina vibao vyeupe vyenye herufi nyeusi. Dereva anajua yuko kwenye barabara ya daraja gani kabla hajasoma neno lolote. Halafu gizani linakuja umbo: mstari mnene mweupe unaopanda katikati ya kibao na kutoa tawi upande wa kushoto. Halafu yanakuja majina, Durham, Leeds, na jicho linaidaka D ya mwanzo na ile h iliyochomoza juu kabla halijapita herufi moja moja. Kibao kinapita. Dereva wetu hakupunguza mwendo wala hakukaza macho. Alikuwa akizungumza na mwenzake muda wote.

Barabara ya kwanza ya kasi, ya kuzunguka mji wa Preston, ilifunguliwa Desemba 1958, na ndipo vibao hivyo vilipojaribiwa. Ubishi ukazuka. Mchongaji mashuhuri wa maandishi ya mawe, David Kindersley, alishikilia kwamba majina yaandikwe yote kwa herufi kubwa, kama ilivyokuwa desturi ya vibao vya zamani, tena zenye vikia kwenye ncha. Kinneir na Calvert walitaka herufi kubwa mwanzoni tu, kisha ndogo. Hoja yao ilikuwa kwamba jina lenye herufi ndogo lina mabonde na vilima: herufi kama h, d na l hupanda, g na y hushuka, na msomaji mwenye haraka hulitambua jina kwa umbo lake. Jina la herufi kubwa tupu lina kimo kimoja mwanzo hadi mwisho.

Wataalamu wa utafiti wa barabara wakalichukua suala hilo hadi uwanja wa ndege wa kijeshi wa Benson, Oxfordshire. Wanajeshi wa anga waliketishwa kwenye viti, gari likawa linawajia likiwa limebeba vibao juu ya paa, na wao wakaonyesha ni wakati gani wameweza kusoma. Matokeo yalikaribiana sana. Herufi za Kindersley zilitangulia kidogo tu. Kwa tofauti ndogo namna hiyo, kamati ikachagua kwa macho, na macho yakaenda kwa Kinneir na Calvert. Wako wanaoona kwamba hapo sayansi ilidhulumiwa. Mimi, baada ya usiku mzima nyuma ya kioo cha basi, siko upande wao. Mtihani wa Benson uliuliza umbali ambao neno moja linaanza kusomeka. Dereva wa usiku ana maneno matano, mishale mitatu na namba mbili za kuchambua kwa mpigo, na hapo mpangilio wa kibao kizima ndio unaombeba.

Mpangilio huo una siri ndogo ambazo zinanivutia kuliko ubishi wote. Herufi nyeupe zikipigwa na taa za gari usiku huonekana kuvimba, weupe wake unaingia machoni kuliko ulivyo. Kwa hiyo fonti yao, waliyoiita Transport, ilichorwa kwa unene wa aina mbili: nyembamba kidogo kwa maandishi meupe juu ya buluu na kijani, nene zaidi kwa maandishi meusi juu ya nyeupe. Msafiri anaona unene uleule. Herufi ndogo ya l ilipewa mkunjo mguuni, isichanganywe na herufi kubwa I wala namba 1. Na kila herufi iliwekwa ndani ya kigae cha kufikirika chenye upana wake maalumu, ili fundi wa karakana yoyote, hata asiyejua chochote kuhusu uchapaji, akipanga vigae bega kwa bega apate nafasi sahihi kati ya herufi na herufi. Hata ukubwa wa kibao haukuamuliwa kwanza. Kipimo cha msingi kilikuwa unene wa mstari wa herufi. Kutokana nacho yalitoka mapana ya ukingo, nafasi kati ya mistari na urefu wa mishale, na kibao kikawa kikubwa kadiri maneno yake yalivyohitaji.

Huo ndio moyo wa kazi yao, kwa jinsi ninavyoiona. Wabunifu wengi wanaweza kuchora herufi nzuri. Wachache hufikiria fundi wa wilayani ambaye atapewa bati, rangi na jina la kijiji, na hakuna wa kumuuliza.

Kabla yao hali ilikuwa ya vurugu. Mwaka 1961 mbunifu Herbert Spencer alipiga picha za alama zote alizokutana nazo kutoka katikati ya London hadi uwanja wa ndege wa Heathrow, akazichapisha katika jarida lake, Typographica. Kila mamlaka ilikuwa na kibao chake, herufi zake, rangi zake, na nguzo zilizosongamana hadi zikafichana. Mwaka 1963 kamati nyingine, iliyoongozwa na Walter Worboys, ilitoa ripoti yake kuhusu barabara zote zilizobaki, na tarehe 1 Januari 1965 mfumo mpya ukaanza kisheria: pembetatu ya kuonya, duara la kuamuru, mstatili wa kuarifu. Michoro ikachukua nafasi ya sentensi. Calvert ndiye aliyechora mingi ya michoro hiyo, na ng'ombe aliyeko kwenye alama ya mifugo alimchora kwa kumtazama ng'ombe halisi aitwaye Patience, aliyekuwa katika shamba la jamaa zake huko Warwickshire.

Basi liliingia Victoria asubuhi. Kutoka kituo cha mabasi hadi treni ya chini ya ardhi ni mwendo mfupi kwa miguu, na hapo msafiri anakabidhiwa kwa herufi za mtu mwingine, babu wa ukoo huu wote.

Edward Johnston alizaliwa Uruguay mwaka 1872 na wazazi wa Kiskoti. Alikuwa bingwa wa kuandika kwa kalamu ya ncha pana, na alifundisha mjini London kizazi kizima cha wachoraji wa herufi, akiwemo Eric Gill, ambaye baadaye ndiye aliyemfundisha kazi Kindersley. Frank Pick, mwanasheria aliyegeuka kuwa meneja wa reli, alimwendea akiwa na tatizo linaloeleweka mara moja: ukutani kulikuwa na matangazo ya sabuni, chai na maonyesho ya tamthilia, na jina la stesheni lilikuwa linapotea katikati yake. Alitaka herufi ambazo hakuna abiria angezidhania kuwa tangazo. Johnston alimpa mwaka 1916. Hazina vikia, O yake ni duara lililokaribia ukamilifu, na vipimo vya herufi kubwa vimetoka kwenye maandishi ya mawe ya Waroma. Ukisogelea kibao chochote chenye maneno ya reli ya District, tazama nukta za i: hazikuchorwa duara, ni miraba iliyosimama kwa pembe. Ni alama ya kalamu ya ncha pana inapoguswa kwenye karatasi na kuinuliwa. Mkono wa mwandishi umebaki pale, umechapwa kwenye bati.

Herufi za awali zilitengenezwa kwa ajili ya mbao na risasi za wapiga chapa, na teknolojia ilipobadilika mbunifu kutoka Japani, Eiichi Kono, alizichora upya mwaka 1979. Mwaka 2016, zilipotimiza karne, Monotype ilizirekebisha tena na kuziongezea alama ambazo Johnston hakuzihitaji, kama ile ya anwani za barua pepe. Inapendeza kuwapanga kwenye mstari mmoja: mzaliwa wa Uruguay, mzaliwa wa Durban, Mjapani. Sura ya Uingereza ambayo wageni wanainunua kwenye vikombe na fulana imechorwa na watu waliozaliwa mbali nayo.

Reli ya District inatoka Victoria moja kwa moja hadi Barking, mashariki mwa London, anakoishi shangazi yangu. Kituo kinachofuata ni St James's Park, na juu yake lipo jengo la 55 Broadway lililochorwa na Charles Holden, makao makuu ya zamani ya reli hizo, lililofunguliwa mwaka 1929. Baada ya hapo ni Westminster, Embankment, Tower Hill, Whitechapel. Juu ya milango ya behewa kuna mstari wa kijani wenye majina yote kwa mpangilio.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea?"

Sikuwa nimepotea, na jibu hilo lilimfurahisha, kwa sababu yeye alipofika London alitoka Dar es Salaam akiwa na Kiingereza kidogo na hofu nyingi. Kwetu mgeni wa mji huongozwa kwa sauti. Daladala ina mstari wa rangi ubavuni na majina ya vituo mbele, lakini anayekupeleka ni konda: anaita Mbagala, anaita Gongo la Mboto, anakuuliza unashukia wapi na kukukumbusha ukifika. Huku hakuna anayeita. "Mume wangu alinipa ramani ndogo ya mfukoni," shangazi alisema, "akaniambia kijani ndiyo ya nyumbani. Ukiona kijani, panda. Ukipotea, rudi kwenye kijani."

Ramani hiyo ni ya Harry Beck, mchoraji wa michoro ya kiufundi aliyekuwa kibarua wa reli hizo. Aliichora mwaka 1931, wakubwa wakaikataa kwanza kwa sababu haikuonyesha umbali halisi, kisha mwaka 1933 wakaichapa kwa majaribio na abiria wakaigombea. Beck alinyoosha kila njia: wima, mlalo au mshazari wa nyuzi 45, na akapanua katikati ya mji ambako stesheni zimesongamana. Aliona kwamba aliye chini ya ardhi hajali mto umepinda wapi. Anataka kujua apande ipi na abadilishe wapi. Shangazi hakuwa na jina la Beck, ila alikuwa na ramani yake ya kwanza bado, imekunjwa ndani ya Biblia.

Karibu na nyumba yake kuna shule ya msingi, na kabla ya lango kuna pembetatu nyekundu: msichana anayemshika mkono mvulana mdogo, wote wakiwa mbioni. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyo adabu kwa mtu mzima kusimama nje ya shule. Alama iliyotangulia ilikuwa na mvulana mwenye kofia ya shule mbele, na Calvert aliona inafanana mno na watoto wa shule za wachache. Akambadilisha: akamweka msichana mkubwa aongoze, na akamchora kwa kutazama picha yake mwenyewe ya utotoni. Nilipomweleza shangazi, akasema ni sawa kabisa, kwani yeye ndiye aliyekuwa akimvusha baba yangu Barabara ya Morogoro.

Shangazi anafanya kazi katika jiko la hospitali moja ya mashariki mwa London. Katikati ya miaka ya 1960 Kinneir na Calvert walitengeneza fonti kwa ajili ya vibao vya hospitali za serikali, na fonti hiyohiyo ikachukuliwa na shirika la reli la British Rail mwaka 1965, ikajulikana kama Rail Alphabet. Ilikwenda mbali: viwanja vya ndege vya Uingereza viliitumia, na reli za Denmark pia. Leo huduma ya afya ya taifa, NHS, inatumia herufi za Frutiger, zilizozaliwa kwenye kazi ya Mswisi Adrian Frutiger ya uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle, Paris. Uhusiano wa uwanja wa ndege na hospitali unaeleweka. Mahali pote pawili watu huingia wakiwa na wasiwasi, hawajalala vizuri, wanatembea na jamaa zao wazee, na kukosea mlango kuna gharama.

Nilimsubiri shangazi kwenye ukumbi wa hospitali, nikamtazama mzee mmoja aliyeshika barua ya miadi. Aliinua macho kwenye kibao, akashusha kwenye barua, akainua tena, akaenda. Neno lililokuwa kwenye barua ndilo lililokuwa kwenye kibao, kwa herufi zilezile na kwa tahajia ileile. Wakati huo nilimkumbuka baba yangu, niliyewahi kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu katika hospitali moja kubwa kwetu tukitafuta chumba cha eksirei. Mshale uliandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi, ukabandikwa kwa selotepu, na ulituelekeza kwenye mlango uliofungwa kwa kufuli. Wauguzi walikuwa wema sana, kila mmoja alituelekeza kwa upole. Lakini muuguzi anayeelekeza watu siku nzima ni muuguzi aliyeondolewa kwa mgonjwa, na baba alikuwa na maumivu.

Nje, kwenye mitaa ya katikati ya London, kuna nguzo bapa zenye ramani za watembea kwa miguu, mfumo uitwao Legible London, ulioanza kwa majaribio eneo la Bond Street mwaka 2007. Kabla yake ilihesabiwa mifumo 32 tofauti ya vibao vya waenda kwa miguu katikati ya jiji. Ramani zake hazijaelekezwa kaskazini; zimeelekezwa kule anakotazama msomaji, kwa hiyo kilicho mbele yako kiko juu ya ramani. Duara linaonyesha umbali wa dakika tano kwa miguu. Ni jambo dogo, na baada ya kulizoea, ramani nyingine zote zinachosha shingo.

Jioni moja binamu yangu alikuwa mezani na simu, anabadilisha anwani kwenye leseni yake ya udereva. Ukurasa ulikuwa mweupe, maandishi meusi makubwa, kitufe kimoja cha kijani cha kuanzia. Niliitazama ile l yenye mkunjo mguuni, nikaitambua. Serikali ya Uingereza ilipokusanya tovuti za wizara na idara zake chini ya GOV.UK mwaka 2012, ilichagua New Transport, yaani herufi za barabarani zilizochorwa upya kwa ajili ya skrini na Calvert pamoja na Henrik Kubel, mbunifu kutoka Denmark. Mwaka uliofuata tovuti hiyo ilipata tuzo ya ubunifu bora wa mwaka ya Design Museum, London, na wapo walioshangaa, kwa sababu hapakuwa na picha wala madoido ya kutazama. Kulikuwa na maswali yaliyopangwa kwa mfuatano anaoufikiria mwananchi, moja baada ya jingine, na herufi zilizokwisha kuthibitishwa kwa miaka hamsini ya mvua, giza na mwendo wa kasi. Binamu yangu alimaliza akiwa anaendelea kuzungumza nasi, kama yule dereva wa basi.

Nilimwambia shangazi kwamba herufi za kwenye simu, msichana wa pale shuleni na M ya Newcastle vimetoka kwenye meza ya mwanamke mmoja, na kwamba mwaka 2020, akiwa amepita miaka 80, alishirikiana tena na Kubel kuchora toleo jipya la Rail Alphabet kwa ajili ya vibao vya stesheni kubwa za reli. Shangazi alifikiri kidogo.

"Na Kariakoo nani anachora?"

Ninamjua anayechora, au mmojawapo. Anapiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki, anachora kwa penseli kwanza, anarudi nyuma hatua kadhaa na kufumba jicho moja, ndipo anafungua kopo la rangi. Nafasi kati ya herufi anapima kwa kidole, na hakosei. Ameandika maduka ya dawa, saluni, shule za chekechea, zahanati. Hajawahi kupewa na mtu yeyote karatasi ya vipimo. Kila mteja humjia na rangi anazozipenda na ukubwa anaouweza kulipia. Mkono alionao ungetosha kabisa kwa vigae vya Kinneir na Calvert.

Niliporudi nilimpelekea vipimo hivyo na picha za vibao vya A1. Alivisoma kwa makini, akavipenda, kisha akaanza kubisha, na hoja zake ni za fundi. Majina ya Kiingereza ni mafupi, alisema: Leeds, Durham. Sisi tuna Mwananyamala, yenye M, w na m, herufi tatu pana kuliko zote ndani ya jina moja, na kibao chake kitataka bati refu au herufi zitakazopungua kimo. Kijitonyama ina j na y zinazoshuka, kwa hiyo mstari wa chini yake usogezwe. Na ile alama ya juu kwenye ng' ya Ng'ambo, aliuliza, inapata kigae chake yenyewe au inakaa kwenye cha g? Tumekubaliana ajaribu zote mbili kwenye bati moja, alisimamishe kando ya barabara usiku, na mimi nilijie kwa pikipiki na taa zikiwa zimewashwa.